Mzazi Akija Nairobi, Mtembeze

Hapa Navakholo, mtu mzima akirudi kutoka Nairobi haingii nyumbani kwake kimyakimya. Akishuka tu kwenye matatu iliyomtoa Kakamega, mwendesha bodaboda anamwuliza habari za mji kabla hata hajamfungia mzigo. Jioni majirani wanafika mmoja mmoja, wanapewa chai, kisha swali linatoka: “Haya, tuambie. Uliona nini huko?” Nimeketi kwenye vikao vya namna hii mara nyingi, na majibu yanafanana kama mapacha. Nyumba iko orofa ya nne. Ngazi zinachosha. Maji huja kwa zamu. Hospitali ilikuwa na foleni ndefu. Wajukuu wanaongea Kiingereza. Televisheni ni kubwa. Halafu basi, mazungumzo yanarudi kwenye mvua na bei ya miwa.

Hilo ndilo linalonisumbua. Mwanamke aliyeuza ng'ombe ili kifungua mimba wake aingie chuo, akakaa Nairobi wiki mbili tatu kwa mwana huyohuyo, anarudi akiwa hawezi kusimulia hata barabara moja. Aliujua mji kupitia dirisha la basi alfajiri ya kufika na dirisha la basi usiku wa kuondoka. Katikati yake kulikuwa na kochi.

Msimamo wangu ni huu: mzazi anayetoka huku kwenda kumwona mwanawe mjini ana haki ya kuuona mji wenyewe, na mwenye wajibu wa kumwonyesha ni mwana huyo, kwa miguu yake na kwa muda wake. Kumlaza pazuri, kumlisha vizuri na kumpeleka kwa daktari ni mambo mema sana. Ila hayatoshi, na kwa kudhani kwamba yanatosha familia nyingi zinapoteza kitu ambacho hakitarudi.

Mgeni na mlango wa chuma

Ziara yenyewe tunaijua sote. Mzee anafika asubuhi na mapema, basi la usiku limemshusha akiwa na gunia la mahindi, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Mwana anampokea kwa furaha ya kweli. Sina shaka hata kidogo na furaha hiyo. Siku ya kwanza ni ya kulala. Ya pili ni ya kliniki. Kuanzia ya tatu, mwana na mkewe wanatoka kabla jua halijachomoza ili wawahi matatu, watoto wanachukuliwa na basi la shule, na mzee anabaki na msichana wa kazi na rimoti asiyojua kuitumia. Mlango wa chuma unafungwa. “Baba, mtu akibisha usifungue.”

Huyu ni mtu ambaye kwao, ikifika saa tatu asubuhi, keshapita shambani, keshamsalimu kila aliyepita njiani, keshasimama kwenye kibanda cha fundi baiskeli akasikia nani amefiwa na nani amepata mjukuu. Mwili wake na akili yake vinaendeshwa na watu. Ukimfungia na televisheni, unamwondolea chakula ambacho hakiko mezani. Naye hatalalamika. Wazazi wetu hawakulelewa kulalamika ugenini. Ataanza tu kuuliza ya nyumbani: mvua imenyesha? Ng'ombe wa jirani hajaingia kwenye mahindi? Baada ya wiki moja atasema anataka kurudi, na mwana atawaambia ndugu zake kwenye simu kwamba wazee hawapendi mji.

Je, hawaupendi, au hawajaonyeshwa? Macho hayana pazia, wahenga walisema. Lakini macho yaliyofungiwa orofa ya nne yataona nini zaidi ya nguo zilizoanikwa kwenye ploti ya pili? Na tunaposema mgeni njoo mwenyeji apone, huyo mwenyeji atapona vipi naye hayupo nyumbani?

Madhara yake hayaishii kwenye uchovu wa wiki mbili. Mzazi aliyechoka na kochi haji tena. Mwaka unaofuata anaitwa, anasema kuku hawana mtu. Mwana naye, kwa kazi zake, anakwenda nyumbani Desemba peke yake, siku chache za kugawanya kati ya mazishi, harambee na wageni. Wajukuu wanakua wakimjua kukhu wao, yaani nyanya yao, kama sauti ya simu inayoomba waongee kwa nguvu. Baadaye, inapofika siku ya kuamua juu ya shamba, au ya kumwuguza mzee, watu wanaoketi pamoja kuamua ni watu wasiofahamiana. Nimeona mabishano ya urithi hapa kwetu Bunyala, humuhumu Navakholo, ambayo, ukiyachimba, utakuta chini yake kuna watoto waliozoea kutuma pesa na wazazi waliozoea kuzipokea, bila siku hata moja ya kukaa pamoja na kuzungumza mambo yasiyo na bei.

Jumanne atakuwa wapi?

Ili kuona ziara inavyoweza kupangwa, tuanzie mbali kidogo. Wapo Wakenya wanaoishi Japani. Wengi tunawafahamu kwa mbio. Douglas Wakiihuri alikwenda huko kijana, akafunzwa na kocha Kiyoshi Nakamura, akawa bingwa wa dunia wa marathoni kule Roma mwaka 1987. Samuel Wanjiru alisoma shule ya upili Sendai kabla ya kuchukua dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008. Wengine wako huko kwa masomo, na wengine wamefuata kazi.

Sasa tuseme mmoja wao, anayeishi Hiroshima, anataka mama yake amtembelee. Ubalozi wa Japani hauridhiki na pasipoti na picha. Unataka barua ya mwaliko na barua ya dhamana, na pamoja nazo ratiba ya ziara iliyoandikwa kwa tarehe: siku hii mgeni atafanya nini, atakuwa wapi, atalala wapi. Hayo yamewekwa kwa sababu za uhamiaji. Lakini tazama kinachotokea mezani kwa huyo mwana. Analazimika kuketi na kalamu na kumfikiria mama yake siku baada ya siku. Jumatatu apumzike, maana ametoka mbali. Jumanne waende sokoni karibu na nyumbani. Jumatano wapande tramu ya Hiroshima hadi Bustani ya Amani, wakae hapo, aelezwe kilichotokea Agosti 1945. Alhamisi asifanye kitu, miguu itakuwa imevimba. Kabla mama hajakanyaga ndege, mwanawe keshamtembeza mara moja kichwani.

Kutoka Navakholo hadi Nairobi hakuna viza. Hakuna afisa anayeuliza Jumanne mzee atakuwa wapi, na kwa kuwa hakuna anayeuliza, hatujiulizi. Tunapanga nauli, tunapanga nani atampokea, tunapanga daktari, kisha tunaacha siku zote zilizobaki zijipange. Ningependa kila mwana wa Navakholo aliye Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu ajiandikie ratiba kama ile kabla ya kutuma nauli. Karatasi moja inatosha. Andika tarehe, andika mahali, andika nani atakuwa naye. Ukiona kwenye karatasi hiyo kuna siku nane mfululizo zilizoandikwa “nyumbani,” utakuwa umejionea mwenyewe.

Baba aliishi humo kabla yako

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui kuhusu baba zao.

Tunazungumza kana kwamba Nairobi ni ya watoto na kijiji ni cha wazee. Historia ya watu wa Magharibi inasema vingine. Tangu reli ilipofika pale penye maji baridi mwaka 1899, mji ule umekuwa ukijengwa na kuendeshwa na wanaume waliotoka mikoa kama yetu, katika karakana za reli, viwanda vya Eneo la Viwanda, jikoni za mahoteli, malango ya benki. Wengi wao waliishi Makongeni, Muthurwa, Shauri Moyo, Kaloleni, wake zao wakibaki huku wakilima. Walipostaafu walirudi, wakavaa kofia za kijijini, na watoto wao wakasahau kwamba hawa walikuwa watu wa mji. Mzee unayemwambia asifungue mlango huenda alivuka Landhies Road kila siku kwa miaka ishirini.

Namfahamu mzee mmoja wa upande wa Bunyala aliyeanza kazi akiwa kijana katika karakana za reli, zama za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika mwaka 1977. Alipomtembelea binti yake, binti alikuwa na akili ya kumwuliza: “Baba, ungependa twende wapi?” Akajibu bila kufikiri: kwenye magari yangu. Wakaenda Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni, ambayo yako hapo tangu 1971. Watu wengi wakifika hapo hukimbilia behewa namba 12, lile ambalo simba alimtoa ndani yake afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Mzee alilipita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye injini namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima, zenye uzito wa zaidi ya tani 250. Akaweka kiganja kwenye chuma. Akainama kutazama chini ya tangi la maji la mbele, akamwita mjukuu wake wa darasa la saba, akamwonyesha mahali ambapo injini ile ndefu inajikunja ili ipite kwenye kona za kushuka Mombasa. Akamweleza kwamba hizi hazikulishwa makaa kwa sepeto, zilichoma mafuta mazito, na kwamba fundi aliyesahau kupaka grisi pale kwenye kiungio angeitwa ofisini kabla ya saa nne. Binti aliniambia alisimama nyuma yao akisikiliza sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa baba yake, sauti ya bwana mkubwa kazini.

Sasa niambie, ni hospitali gani ingempa mzee yule afya kama ile?

Makumbusho ni mfano tu. Mpeleke baba yako Moi Avenue, atakwambia ilikuwa Government Road, na Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere. Simameni mbele ya sanamu ya Tom Mboya karibu na jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lililokuwa benki zamani. Mwulize alikuwa wapi Julai 5, 1969, siku Mboya, aliyekuwa waziri, alipopigwa risasi barabara hiyohiyo. Kila mzee wa umri ule ana jibu. Kisha pandeni naye hadi juu ya KICC, jumba la mikutano la kimataifa. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1973, na wapo wazee wetu waliobeba karai la zege wakati linapanda ambao hawajawahi kufika juu yake tangu lilipomalizika. Walijenga, wakalipwa, wakaondoka.

Na usisahau mpira. Ukiwa na baba wa Kiluhya, Jogoo Road haipitwi hivihivi. Uwanja wa City, ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la mchezaji Joe Kadenge, ndipo wazee hawa walipokuwa wakitumia mshahara wa Ijumaa. Klabu yao ilianza kama Abaluhya United mwaka 1964, ikabadilishwa jina kuwa AFC Leopards mwaka 1980 majina ya kikabila yalipopigwa marufuku, kisha ikachukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Usimwulize mzee kama anakumbuka. Mpeleke tu hadi langoni na umwache aongee. Hapo karibu kuna Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, na ukumbi wake wa jamii ambamo wanasiasa walikuwa wakikutana kabla ya uhuru. Kama aliishi humo, atataka kuutafuta mlango wake. Utafuteni pamoja, hata ikichukua mchana mzima.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, nasi tuna tabia ya kumfundisha mji mtu ambaye angetufundisha yeye.

Mama na bei ya ndizi

Mama zetu wana historia tofauti. Wengi hawakuwahi kuishi Nairobi. Walikuja kumtembelea mume likizo za Agosti, wakarudi kupanda. Kwao mji bado ni mpya, na ninaamini hao ndio wanaopaswa kutembezwa zaidi.

Mama yangu mzazi alipokuja kwangu, miaka niliyokuwa nikifanya kazi huko, hakutaka kuona magorofa. Alitaka kuona soko. Tulianza na Kangemi, ambako mtu wa Magharibi hapotei: mboga za mrenda, saga, mito, kunde, managu, vyote vimepangwa kwa mafungu na salamu ya “mulembe” inatoka kila kona. Mama aliinua fungu la saga, akaligeuza, akatazama shina lilipokatwa, akauliza lilichumwa lini. Muuzaji akacheka, akamwuliza anatoka wapi. Kumbe alikuwa mzaliwa wa ng'ambo ya mto Nzoia. Wakaketi kwenye makreti na kuzungumza hadi nikaanza kutazama saa.

Kesho yake tukaenda Wakulima, soko ambalo Nairobi nzima inaliita Marikiti. Tope, mikokoteni, watu wanapiga kelele upishe. Nilikuwa na hofu juu yake. Yeye hakuwa na hofu; alikuwa na kazi. Alisimama penye ndizi akauliza bei ya mkungu, akaenda kwa wa pili, akauliza tena, kisha wa tatu. Alinyamaza. Mkungu wa ukubwa ule ule dalali alikuwa akiununua shambani kwake kwa karibu theluthi ya bei ile. Tukiwa kwenye matatu ya kurudi aliniambia neno moja tu: “Kumbe.”

Aliporudi Navakholo aliwaeleza wenzake kwenye chama. Hawakuwa matajiri kwa hilo, maana usafiri una gharama zake na dalali naye ana hasara zake barabarani, jambo ambalo mama mwenyewe aliwafafanulia kwa haki. Lakini mazungumzo na dalali yalibadilika. Wanawake waliozoea kuuliza “utatupa ngapi?” walianza kutaja bei wao kwanza, na waliokuwa na mikungu mingi wakakubaliana kuiuza siku moja badala ya kila mtu peke yake. Safari ya asubuhi moja sokoni ilifanya kile ambacho semina nyingi za kilimo hazijafanya hapa kwetu. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, baada ya miaka ya wakulima kusubiri malipo, familia nyingi za eneo hili ziligeukia ndizi, mboga na maziwa. Kwa nyumba kama hizo, kujua Nairobi inalipa nini ni chakula na karo. Mtembea bure si mkaa bure.

Ukwe na nyumba ndogo

Kuna jambo watu hawalisemi magazetini, nami nitalisema. Kwetu ukwe una masharti. Mkwe wa kike hakai ovyo mbele ya baba mkwe, na mama mkwe na mume wa bintiye wana mipaka wanayoijua wote wawili. Kijijini mipaka hiyo ina nafasi: kuna nyumba tofauti, kuna uwanja, kuna jikoni ya nje. Mjini kuna sebule moja, choo kimoja na ushoroba ambao watu wawili hawapishani bila kugusana. Baba mkwe anakaa kochini, mkamwana anahitaji kupita akiwa ametoka kuoga. Kila mtu anateseka kwa heshima.

Wazee wengi hukatisha ziara kwa sababu hii na hawaitaji. Wakamwana wengi huhesabu siku kwa sababu hii na hawaitaji pia, kisha wanaitwa wakali. Kumtoa mzee nje mchana kunaipa nyumba nafasi ya kupumua. Mkamwana anafua, anapika, anajilaza bila kujificha. Mzee anarudi jioni na njaa na habari, na wanapoketi kula kuna kitu cha kuzungumza zaidi ya “umeshindaje?” Nimeona ndoa ambazo zingepona kwa matembezi machache ya mkwe. Ikiwezekana mzee alale kwa ndugu mwenye nafasi, au kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu iliyo karibu, na lisichukuliwe kuwa tusi. Ni desturi yetu wenyewe inayotudai hivyo.

Miguu, vyoo na viti

Atakayenipinga ataniambia mji hauwafai wazee, na katika hilo hajakosea. Njia za miguu zimekaliwa na biashara na pikipiki. Magoti ya mtu wa miaka 75 hayapendi daraja la juu lenye ngazi arobaini. Mama mwenye kisukari anahitaji choo kila baada ya muda mfupi. Nani atamtembeza mtu mzima katikati ya hayo?

Nchi nyingine zililifikiria hili mapema. Mwaka 1967 mjini Okayama, Japani, Seiichi Miyake aliweka barabarani yale matofali yenye vinundu yanayomwelekeza kipofu, ambayo leo yako duniani kote. Mwaka 1973, mwaka uleule tuliofungua KICC, reli za Tokyo zilianza kutenga viti vya wazee. Hawakusubiri mpaka wawe na pesa nyingi kuliko wote. Sisi Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kuishi kwa heshima, wakipata utunzaji wa familia na wa Serikali. Kushiriki ni pamoja na kuweza kutembea mjini bila kuogopa kuanguka. Serikali ya Kaunti ya Nairobi inadaiwa viti, vivuli, vyoo safi na njia zilizonyooka. Na Kakamega nayo inadaiwa, maana kuna wazazi wengi wa Navakholo ambao mji wao wa kutembelea ni huo, nao hawajawahi kupelekwa hata msituni Kakamega wala kwenye jiwe linalotoa machozi pale Ilesi.

Lakini wakati tunadai, mwenda pole hajikwai. Panga mahali pamoja kwa siku, usipange matano. Toka saa nne, watu wakishapungua barabarani, urudi kabla ya saa tisa. Bustani ya Jeevanjee, ambayo iko katikati ya mji tangu 1906, ina viti na miti na haitozi kitu. Kaeni hapo nusu saa, msikilize wahubiri na wabishi wa siasa, mzee atafurahi kuliko unavyofikiri. Jua choo kiko wapi kabla hamjatoka. Mpe maji. Simu na pesa zikae kwako. Na tembea kwa hatua zake, usimtangulie ukageuka kumsubiri, maana hakuna kinachomfanya mtu mzima ajione mzigo kama kumwona mwanawe amesimama mbele, mkono kiunoni.

Muda na pesa

Pesa ni kikwazo cha kweli kwa wengi. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, na nauli ya basi peke yake inaweza kumeza sehemu kubwa ya hizo. Mwana naye ana kodi na karo. Sisemi mtu akope ili mama aende mbugani. Nasema kwamba Kangemi, Marikiti, Jeevanjee, Kaloleni na Kenyatta Avenue hazina kiingilio, na mandazi na chai ya kibandani hugharimu kidogo kuliko kifurushi cha televisheni tunachomlipia ili atulie.

Muda ni mgumu zaidi, kwa kuwa mwajiri haelewi ruhusa ya kumtembeza mama. Hapo ndugu wagawane. Aliye na zamu ya usiku achukue Jumatano. Mpwa aliye chuoni na asiye na masomo Ijumaa achukue Ijumaa, na alipwe nauli na chakula cha mchana na wajomba zake. Wajukuu waende naye Jumamosi, simu zikiachwa nyumbani. Jumapili baada ya ibada iwe ya mwana mwenyewe, asimpe mtu mwingine, hata kama amechoka. Tunachangishana haraka sana kwa ajili ya jeneza na mahema. Kwa nini tusichangie siku chache za mzee akiwa hai na anatembea?

Mzee akisema “msijisumbue, mimi niko sawa hapa,” usilichukue neno hilo kama lilivyo. Wewe mwenyewe ulilisema shuleni alipokuuliza kama una pesa za matumizi, naye hakukuamini.

Kwa wale ambao baba zao waliwahi kufanya kazi Nairobi kuna haraka nyingine. Mitaa waliyoishi haitasubiri. Pangani ya zamani imeshabomolewa kupisha nyumba mpya, na mipango ya kuijenga upya mitaa mingine ya Eastlands inazungumzwa kila mwaka. Mpigie baba yako wiki hii umwulize aliishi mtaa gani, nyumba namba ngapi, na jirani yake alikuwa nani. Ukimsikia anataja Kaloleni, mtumie nauli mwezi huu, usingoje Desemba.